Mtu wa Kunishikia Baiskeli

Kiti cha baiskeli hakirekebishwi na mtu mmoja. Wanaojidanganya kwamba wanaweza, waulize magoti yao. Lazima awepo mtu wa pili wa kusimama nyuma yako, abane gurudumu kwa magoti na kushika fremu chini ya kiti, huku wewe umekaa juu kama unavyokaa barabarani, kiwiko kimeegemea ukuta. Unaweka visigino kwenye pedali na kuzungusha kinyumenyume. Mguu ukinyooka na kisigino bado kinagusa pedali, umekaribia. Halafu yule wa nyuma anakuangalia kiuno. Kiuno kikicheza kushoto na kulia, kiti kimezidi kwenda juu. Kwa hiyo mtu anayekushikia baiskeli amekiangalia kiuno chako kuliko mke wako alivyowahi kukiangalia, na hilo mke wangu alipenda kunikumbusha mbele ya wageni.

Mtu wangu alikuwa rafiki yangu wa duka la mabomba. Familia yake, Masingasinga wa Nakuru tangu babu, walikuwa na duka la vifaa vya ujenzi katikati ya mji, na nyuma ya duka palikuwa na ua wenye meza ya mbao, vaisi ya kubania vyuma na msumeno wa chuma. Mimi nilikuwa karani wa kiwanda cha unga, nikiishi Bondeni. Tulijuana siku niliyoingia dukani kwake kununua chuma kirefu chenye nyuzi za skurubu na nati nne.

"Ya nini?" akauliza.

"Ya kutanua fremu."

Mteja mwingine yeyote angejibiwa bei. Yeye aliacha kaunta, akanifuata mpaka nje nilipokuwa nimeegemeza baiskeli, akachuchumaa nyuma yake. Fremu za resi za zamani ni nyembamba huko nyuma, na gia pana za baiskeli za mlimani hazitoshei. Unapitisha chuma kile kati ya miguu miwili ya fremu, unakaza nati polepole kuelekea nje, chuma kinalia, unaacha, unapima, unakaza tena. Ukiwa na pupa unapasua fremu. Tulitanua ile yangu pamoja alasiri hiyo, na Jumamosi iliyofuata nikarudi bila kuwa na kitu cha kununua.

Miaka ikapita hivyo. Mwaka 2007 tulianza kujenga baiskeli mbili za safari ya mbali. Tulitaka kwenda mpaka kwetu, kwa mama yangu, ng'ambo ya Kisumu, tupande Mau na kushuka Kericho katikati ya chai, tukiwa na mizigo yetu wenyewe nyuma. Keria tulizipinda kwa mabomba membamba ya kupitishia nyaya za umeme, kutoka dukani kwake. Breki tulizitoa kwenye mitumba. Kiti changu alikipandisha na kukishusha mwezi mzima, akinishikia na kunishushua kuhusu kiuno, mpaka siku moja akasema, "Hapo. Usiguse tena." Akazungushia tepu nyeusi ya umeme kwenye bomba la kiti, kuonyesha mwisho wake. Tulipanga kuondoka kabla ya Krismasi, tukachelewa kwa sababu ya magurudumu, tukasema basi, baada ya uchaguzi.

Baada ya uchaguzi nchi ikachafuka. Barabara zikafungwa kwa mawe, duka likafungwa, mimi nikajifungia Bondeni na familia yangu, na kule Naivasha watu wa kwetu walikimbia na nguo za mwilini. Rafiki yangu alinipigia simu karibu kila siku akijifanya anauliza habari za cheni. Mafuta gani yanafaa kwa cheni isiyotumika, boss? Nilimjibu kwa urefu, naye akasikiliza kwa urefu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kile alichotaka kujua.

Mambo yalipotulia, mwezi wa nne, akaja ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo. Alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua na kukaa mtaa wa Kihoto, kulekule Naivasha. Chumba chake kilichomwa na kila kilichokuwamo. Kilichobaki ni baiskeli nyekundu ya resi, kwa sababu siku ile alikuwa ameiacha kazini, na juu ya hiyo akapanda kutoka Naivasha mpaka mlangoni kwangu, begi moja mgongoni. Alilala kwenye sofa letu. Alikuwa mpole, mcheshi, anaosha vyombo bila kuambiwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu alikuwa amelishika jembe kabla ya chai ya siku ya kwanza, na mke wangu hakuacha kunionyesha hivyo vyombo.

Mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka dukani. Hakuna wa kumlaumu.

Rafiki yangu aliiangalia baiskeli nyekundu, kisha akamwangalia mwenyewe, toka viatu hadi kichwa. Ndugu yangu ana mapaja marefu kuliko kawaida na mgongo unaokunjika bila shida.

"Hii nani alikushikia?" akamuuliza.

"Hakuna mtu. Niliikuta tu hivi."

"Umetoka Naivasha hivi? Na kiti kiko huku chini?"

"Nilikuwa na haraka, boss."

Wakacheka wote wawili. Rafiki yangu akaenda ndani akarudi na timazi, ile kamba ya waashi yenye risasi ya chuma mwishoni, mpya, kutoka rafuni, bado ina karatasi ya bei. Kwangu hakuwahi kutoa timazi. Akamkalisha ndugu yangu juu ya baiskeli, akaniambia mimi, "Hebu shika hapa gotini." Nikashika kamba. Nilisimama pale kama mjinga, nimeshika uzi kwenye goti la mtu mwingine, na rafiki yangu amebana gurudumu lake kwa magoti, anamwangalia kiuno.

Kila Jumamosi ikawa hiyo. Kiti kikapanda, kikarudi nyuma kidogo. Shingo ya usukani ikabadilishwa ikawa ndefu. Jumamosi ya tatu au ya nne nikachelewa kazini, nikafika nikakuta kwenye baiskeli nyekundu umefungwa usukani wa resi uliokuwa umetundikwa kwenye msumari pale uani tangu nilipoanza kufika. Ulikuwa wa marehemu mjomba wake, ambaye aliwahi kushindana enzi zake. Ulikuwa mwembamba, umepindwa vizuri, chuma chake kimebaki kung'aa. Sikuwahi kuuomba. Nilidhani vitu kama hivyo haviombwi, mtu anangoja wakati wake. Nilikuwa nikiuangalia kila nikienda kunawa mikono.

"Umemkaa, ama?" rafiki yangu akaniuliza.

"Umemkaa," nikasema.

Ndugu yangu alizunguka ua mara moja, mgongo umelala, mikono imeshuka chini, na rafiki yangu akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa huyo ndiye mtu anaonekana ameendesha baiskeli," akasema. Maneno hayo nilikwenda nayo nyumbani. Nilikula nayo. Mimi nilikuwa nimeendesha mbele ya macho yake miaka yote hiyo, nilionekana nafanya nini?

Ubaya wa wivu ule ni kwamba haukuwa na pa kwenda. Mtu akikuibia mke unaweza kugomba, na mtaa utakusaidia kugomba. Lakini utamgombeza vipi mtu aliyechomewa nyumba, kwa sababu ya usukani? Niligomba na mke wangu badala yake, juu ya chumvi. Alinitazama, akaweka mwiko chini.

"Wewe unamwonea wivu mtu anayelala kwenye sofa?"

"Mimi? Wivu wa nini?"

"Si ukae naye basi umwambie. Ama umwambie bwana yako wa dukani."

Sikumwambia yeyote. Mwezi wa sita rafiki yangu akatangaza kwamba safari iko palepale, mwezi wa nane, na tutakwenda watatu. Ndugu yangu alifurahi. Hakuwa amefika kwao tangu yale mambo. Alimpigia mama yake simu papo hapo, amesimama kati ya mabomba, akimwambia kwa lugha yetu kwamba anakuja na baiskeli, mama asicheke, anakuja kweli. Mimi nikasema sawa, tutakuwa watatu. Moyoni nilikuwa nimehesabu wawili tangu mwaka uliopita, na sikutaka hesabu nyingine. Nilitaka ile safari irudi kuwa yangu na yake. Nilitaka hilo kuliko nilivyotaka kufika.

Tukapanga kwanza mazoezi, kupitia Njoro hadi Elburgon na mzigo nyuma. Jioni ya kuamkia siku hiyo ndugu yangu alikwenda mazoezi ya kwaya, na baiskeli nyekundu ikabaki kwenye korido. Nikachukua kamba ya katani. Nikapima kutoka katikati ya ekseli ya pedali mpaka juu ya kiti, nikafunga fundo. Kutoka ncha ya kiti mpaka usukani, fundo. Kutoka ardhini mpaka usukani, fundo. Kisha nikaihamishia kamba kwenye baiskeli yangu. Nikakipandisha kiti mpaka ile tepu nyeusi ikaachana na fremu, juu sana ya pale ilipotakiwa kuwa. Usukani nikaushusha mpaka ukakataa. Hapakuwa na mtu wa kunishikia, niliegemea ukuta peke yangu na kujiambia panatosha. Mtu yeyote anayejua baiskeli anajua kwamba vipimo vya mtu havihamishwi, ni sawa na kuvaa meno ya mwenzako. Nilijua. Lakini nilitaka siku moja tu rafiki yangu aangalie mbele barabarani aone mgongo uliolala, na huo mgongo uwe wangu.

Kutoka mjini mpaka Njoro nilikuwa mfalme. Nilikaa mbele. Asubuhi ilikuwa ya baridi, barabara kavu, na kwa mara ya kwanza nilihisi nimeinuka juu ya mambo yote. Baada ya Njoro barabara ikaanza kupanda, na mambo yote yakanifuata. Nyuma ya goti la kulia kukaanza kuvuta. Vidole vya mkono vikafa ganzi. Kila nikisukuma pedali, ilinibidi niifuate kwa nyonga, huku na huku, na keria nyuma ikayumba pamoja nami. Nikasikia rafiki yangu ananiita. Nikajifanya sikusikia.

"Simama," akasema, sasa akiwa karibu.

"Niko sawa."

"Simama, boss. Kiuno kinacheza kama cha bibi harusi."

Nikasimama, palipokuwa na kina mama wanauza viazi kwa ndoo. Nikashuka kwa mguu usiokunjika. Rafiki yangu hakuniangalia mimi. Aliangalia bomba la kiti na ile tepu yake nyeusi iliyobaki juu ya fremu peke yake, kisha akaangalia usukani, kisha akaangalia baiskeli nyekundu, ambayo ndugu yangu alikuwa anaiegemeza kwenye gogo. Akaona. Nilijua ataona, lakini nilitegemea ataona nikiwa nimefika Elburgon.

"Nani alikushikia?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Hii si ya hakuna. Vipimo hivi ni vya huyu." Akatoa spana mfukoni, akamnyooshea ndugu yangu. "Basi mrekebishie wewe, kama wewe ndiye unamshikia siku hizi. Mnakaa nyumba moja, si ndio? Mnaweza kushikiana hata usiku."

Ndugu yangu hakuipokea. Akaniuliza kwa lugha yetu, "Ulinipimia na kamba?" na alipoona uso wangu akaanza kucheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyemkamata kaka yake amevaa suruali yake. Mimi nami nikashindwa, nikamjibu kwa lugha yetu kwamba ndiyo, kamba ya katani, na kwamba mapaja yake yamelaaniwa. Akacheka mpaka akakaa kwenye gogo.

"Hayo sasa," rafiki yangu akasema. Alisema taratibu. "Hayo ndiyo. Tangu aje mnaingia dukani mkiongea yenu. Mnacheka. Mimi nasimama pale kama kibao cha duka. Nikisema kitu, mnanijibu Kiswahili, mnarudi kwenu. Huo usukani nilimpa ndio angalau nipate kitu cha kuongea na yeye, nisikae nje. Ulidhani nini?"

Uso aliokuwa nao niliujua. Ni ule niliokuwa nikiuona kwenye kioo nikinyoa, tangu mwezi wa nne. Nitasema nilivyohisi, kwa sababu sioni haja ya kujipamba: nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikasahau goti. Nilitamani akasirike zaidi kidogo. Mtu akikuonea wivu namna hiyo mbele ya wauza viazi, unataka nini tena?

"Hakuna aliyenishikia," nikamwambia. "Niliegemea ukuta. Nilipima yake na kamba kwa sababu ulisema anaonekana ameendesha baiskeli."

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Panda," akasema.

Nikapanda. Hapakuwa na ukuta, nikashika bega la mama mmoja wa viazi ambaye hakuelewa lakini alisimama imara. Rafiki yangu akabana gurudumu kwa magoti. Alishusha kiti mpaka kwenye tepu, akakaza, akaniambia nizungushe, akaangalia, akasema hapo, usiguse tena. Tukaanza kuongea wawili, juu ya shingo ya usukani, juu ya keria, juu ya nani abebe pampu mwezi wa nane, maneno yote yaliyokuwa yamekaa tangu mwaka uliopita. Tuliongea sana. Nilipogeuka, ndugu yangu alikuwa ameshainua baiskeli yake na ametangulia, mgongo umelala, anapanda peke yake. Hatukumfikia mpaka Elburgon.

Wiki hiyohiyo, jioni, akiwa anakausha vyombo, akasema tajiri wake amemnyima ruhusa. Alikuwa amepata kazi kwenye yadi ya mbao Free Area. Mimi tajiri yule nilikuwa nimeshakutana naye, na ruhusa alikuwa ameshaitoa.

"Nendeni nyinyi wawili," ndugu yangu akasema. "Mimi nitaenda Disemba, na basi."

"Pole," nikamwambia. "Haya basi."

"Nitampigia mama nimweleze."

"Haya."

Alipotoka nje kumwaga maji, mke wangu aliniangalia. "Hiyo haya umeisema haraka sana," akasema, na akaenda kulaza watoto.

Siku ya kuondoka, ndugu yangu ndiye aliyenijazia upepo magurudumu yote mawili. Alinibinyia tairi kwa kidole gumba, akaridhika, akanisukuma mgongoni mpaka nikaingia barabarani. Safari ilikuwa jinsi nilivyoitaka. Tulipanda Mau bega kwa bega, tukalala Kericho, na mteremko wa siku ya pili rafiki yangu aliuimba wote kwa sauti, kwa Kipunjabi, nami sikuelewa hata neno na sikujali. Kila tulipopumzika aliangalia kiuno changu kwanza, ndipo akafungua chupa ya maji. Sijawahi kuwa na siku mbili nzuri kuliko zile.

Tulifika kwetu jua likiwa bado juu. Mama alikuwa amesimama getini, na kando yake mama mdogo, amevaa kitenge anachovaa kanisani. Walitupokea kwa vigelegele. Mama akamshika rafiki yangu mikono yote miwili na kuitikisa. Mama mdogo alinikumbatia akiangalia nyuma ya bega langu, barabara tuliyotokea. Aliponiachia bado alikuwa anaiangalia, amekinga macho kwa kiganja, akitabasamu.

"Na wangu?" akaniuliza kwa lugha yetu. "Mmemwacha mlima gani?" Kumbe ile simu ndugu yangu hakuipiga.

Rafiki yangu, kilemba kimejaa vumbi, alinisogelea, anacheka kwa sababu mama mdogo anatabasamu.

"Anasema nini?"

"Anasema karibu," nikamwambia.